Kauli za Vitenzi na Kinga ya UKIMWI: Lugha ya Mahusiano ya Wanaume Vijana katika Nyanda za Kati za Tanzania

Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingine za Kibantu, hakina viwakilishi vinavyotenga mume na mke. Asemaye "alikuja jana, nami nikampenda" hajamfunulia msikilizaji kama aliyekuja ni wa kiume au wa kike. Lakini lugha hiyohiyo inyamazayo katika kiwakilishi husema waziwazi katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda imewekwa upande mmoja na kauli ya kutendwa upande wa pili, hata tofauti hiyo ya sarufi imechukuliwa kuwa ndiyo tofauti yenyewe ya mume na mke.

Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa la wanasarufi peke yao. Tangu ulipozuka UKIMWI limekuwa pia jambo la afya kwa watu ambao sarufi hiyo haikuwatazamia: wanaume vijana wapendanao na wanaume wenzao, na wale wapendao wanaume na wanawake pia. Makala haya yaeleza jinsi maneno yanayotumiwa juu ya watu hao, na maneno yanayotumiwa kufundisha kinga, yanavyosaidia au kuzuia kinga hiyo. Mahali panapotazamwa ni Dodoma na nyanda za kati. Hoja ni kwamba Kiswahili kina tayari maumbo yafaayo kwa kazi hii, bali mafundisho ya afya yameyaacha maumbo hayo na kushika yale yasiyofaa.

Dodoma na maneno ya kuja

Kiswahili cha Dodoma ni cha kuja. Wenyeji wa mji na viunga vyake ni Wagogo. Kaskazini, katika Kondoa na Chemba, husemwa Kirangi, Kisandawe na Kiburunge. Kiswahili kilipanda kutoka pwani kwa misafara, kisha kwa Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 3,085,625. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaunganisha Dodoma na Dar es Salaam kwa mwendo wa saa chache.

Kwa hiyo vijana waliomo mjini, wanafunzi, makarani, mafundi na wachuuzi, wametoka pande nyingi, na kila mmoja amekuja na msamiati wake. Maneno ya mapenzi ya jinsi moja ni sehemu ya mzigo huo. Yalizaliwa pwani, katika jamii iliyokuwa na desturi zake, na yalipopanda bara desturi hizo hazikupanda pamoja nayo.

Majina ya watu

Jina linalojulikana zaidi ni shoga. Kwa asili ya matumizi ya pwani, shoga ni rafiki wa mwanamke aliye mwanamke mwenzake. Mtu humwita jirani yake "shoga yangu" pasipo aibu yoyote. Neno hilohilo hutumika pia kwa mwanamume anayedhaniwa kuwa na mwenendo wa kike na kuwa mpokeaji katika tendo la ngono. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikwisha kuonyesha kwamba matumizi ya neno hili hayakuwa sawa katika miji yote ya pwani. Mwenzi wake katika istilahi hizi ni basha, ambalo wataalamu hulihusisha na pasha, cheo cha Waturuki. Huyo ndiye atendaye, naye mara nyingi huhesabiwa kuwa mwanamume kama wanaume wengine. Hanithi limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili hubeba maana mbili zinazochanganywa: mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Msenge limebaki karibu daima kuwa tusi.

Majina haya yana historia ndefu. Mwaka 1899 Michael Haberlandt aliandika katika jarida la Kijerumani juu ya watu wa namna hii katika Unguja, na mwaka 1987 Gill Shepherd alieleza nafasi yao katika jamii ya Mombasa. Deborah Amory alirudia uchunguzi huo katika mwaka 1998, akiongeza jina jipya lililoundwa kutokana na Kiingereza, yaani magai. Kåre Moen na wenzake, katika uchunguzi wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2014, waliorodhesha msemo mchicha mwiba pamoja na maneno mengine ya vijana wa jiji. Msamiati huu basi haujakauka. Kila kizazi kimeuongeza.

Yapasa kuangalia namna majina haya yanavyogawa watu. Shoga na basha si majina ya mtu na mwenzake aliye sawa naye. Ni majina ya nafasi mbili, moja ya kutendwa na moja ya kutenda, yaani mfano uleule wa kuolewa na kuoa. Lawama na aibu huwekwa upande wa kutendwa. Huyo wa kutenda hubaki bila jina katika macho ya watu, na mara nyingi bila jina katika macho yake mwenyewe. Akiisha kuoa mke, hujiona kuwa mwanandoa tu. Ikiwa mhudumu wa afya atatangaza kwamba mafundisho ya leo ni ya "mashoga", kijana huyo ataondoka kwa moyo mweupe, akiamini kwamba hayamhusu.

Kwa wale wapendao wanaume na wanawake hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa Kiswahili cha kila siku hakina jina lao kabisa. Katika nyanda za kati, ambako maneno ya pwani yalifika bila ngoma na arusi zilizoyalea, majina yaliyopo yamebaki kuwa matusi zaidi kuliko maelezo. Kijana aliyekua Mpwapwa au Manyoni hakuona mtu aliyeitwa kwa jina hilo akikaa kati ya watu. Alilisikia jina likirushwa kama jiwe.

Kauli tatu na hatari ya maambukizo

Mgawanyo huu wa kutenda na kutendwa waafikiana na sayansi kwa sehemu tu, na ile sehemu usiyoafikiana nayo ndiyo inayodhuru. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Marekani yaonyesha hivi: katika kila matendo 10,000 ya ngono bila kinga yoyote na mtu mwenye VVU, mpokeaji kwa njia ya haja kubwa huambukizwa mara 138 hivi. Mtendaji kwa njia hiyohiyo huambukizwa mara 11. Kwa njia ya uke, mwanamke huambukizwa mara 8 na mwanamume mara 4.

Hesabu hizi zina mafundisho mawili. La kwanza, njia ya haja kubwa ndiyo yenye hatari kubwa kuliko nyingine za ngono, kwa sababu ngozi ya ndani ya sehemu hiyo ni nyembamba, huchanika kwa urahisi, na ina wingi wa chembe ambazo virusi hupenda kuzishambulia. Mabango na vipeperushi vilivyotaja mume na mke pekee havikulisema jambo hili, na kwa kunyamaza kwake viliacha nafasi ya dhana kwamba tendo lisilotajwa ni tendo lisilo na hatari. La pili, mtendaji hana salama. Hatari yake ni ndogo kuliko ya mpokeaji, lakini yazidi ile ya mwanamume katika tendo la uke. Tena watu wengi hubadili nafasi, leo hivi na kesho vile, jambo ambalo majina shoga na basha hayawezi kulieleza. Aliyeambukizwa katika nafasi moja aweza kuambukiza katika nyingine, na aliyeambukizwa na mwanamume aweza kumpelekea mkewe.

Hapa ndipo kauli ya tatu ya kitenzi inapokuwa na kazi. Kiswahili kina kutenda, kutendwa na kutendana. Kwa kiambishi -an- watu wawili huwa sawa: hupendana, huaminiana, hukingana, na pia huambukizana. Kauli hii haimtaji mume wala mke, wala haisemi nani yuko juu na nani yuko chini. Kwa ugonjwa huu ndiyo kauli ya kweli kuliko zote, maana virusi havimtambui basha wala shoga. Fundisho lisemalo "wawili wanaopendana hukingana" lamfikia kila mtu. Lisemalo "mwanamume amkinge mkewe" limewaacha nje wengi walio hatarini.

Ukubwa wa hatari hiyo umepimwa katika Tanzania yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa watu 4.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Katika Unguja, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta 12.3 katika kila 100 miongoni mwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta 30.2 katika kila 100 Dar es Salaam na 11.1 Tanga. Hesabu hizi hutofautiana kwa mji na kwa njia ya kuwapata watu wa kuwapima, lakini zote zapita kwa mbali wastani wa taifa.

Maneno ya ugonjwa na dawa

Ugonjwa ulipotambuliwa katika Kagera mwaka 1983 haukuwa na jina la Kiswahili. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizovushwa kutoka Uganda. Baadaye likaundwa jina UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Ni jina lililofanikiwa sana, kwa kuwa lasikika kama neno la asili. Mitaani yalizuka mafumbo: fulani "ana ngoma", au "amekanyaga miwaya". Mafumbo haya huficha aibu, lakini yana ubaya wake: aliyekanyaga waya wa umeme amekufa papo hapo, kumbe mwenye VVU atumiaye dawa leo aweza kuishi miaka mingi sawa na watu wengine.

Neno lililoundwa kwa dawa hizo ni zuri. Huitwa dawa za kufubaza virusi. Kilichofubaa kimedhoofika na kupoteza nguvu yake, lakini bado kipo. Hivyo ndivyo ilivyo: dawa haziui virusi vyote, bali huvizuia visizaane, hata damu ikipimwa visionekane. Uchunguzi wa nchi za Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulifuata jozi 782 za wanaume, mmoja akiwa na VVU vilivyofubazwa na mwenzake hana. Katika matendo zaidi ya 76,000 bila kondomu, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Tatizo limo katika msemo unaofuata. Mgonjwa aambiwapo kwamba virusi "havionekani", aweza kudhani kwamba amepona, akaacha dawa, na virusi vikarudi. Kufubaa kwaeleza kweli yote. Kutoonekana kwaeleza kipimo tu. Wahudumu wangefanya vema kuyatumia maneno yote mawili pamoja: havionekani kwa sababu vimefubaa, na vimefubaa kwa sababu dawa inaendelea kunywewa.

Kwa wasio na VVU kuna dawa kinga, vidonge ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2015 kwa kila mtu aliye katika hatari kubwa. Jina hili nalo lina upungufu mmoja: halisemi wakati. Ziko kinga mbili. Moja hunywewa kabla ya hatari na huendelea muda wote hatari ingalipo. Nyingine huanzwa baada ya hatari, mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Kijana anayezichanganya hizi aweza kufika kituoni siku ya tano akiomba kinga iliyokwisha kupitwa na wakati. Kinga ya kabla na kinga ya baada ni maneno mepesi, ya Kiswahili safi, na yangeondoa kosa hilo.

Uaminifu na wito wa kampeni

Kampeni za redio na mabango zimeingiza misemo mingi katika lugha. "Usione soo, sema naye" ulikuwa wito wa mwanzoni mwa karne hii. Baadaye likaja jina fataki, lililoingia katika usemi wa kila siku kwa maana ya mzee anayewinda wasichana, kisha "Tulia na wako", na "Tuko wangapi? Tulizana". Mtu akizitazama kwa macho ya sarufi ataona kwamba nyingi ya nyito hizi hazitaji mume wala mke. Sema naye: ni nani huyo? Wako: yupi? Lugha iliacha mlango wazi. Waliofunga mlango ni wachora picha, waliochora daima mvulana na msichana, na waandishi wa maelezo ya chini ya picha. Kijana wa Dodoma mwenye mpenzi wa kiume angeweza kuusikia wito wa redio kuwa wake. Alipoliona bango alijua kwamba si wake.

Kuna pia neno uaminifu lenyewe. Katika mafundisho limewekwa kuwa kinga, sambamba na kondomu. Lakini uaminifu hukinga pale tu wawili wote walipokwisha kupimwa. Kwa wanaume hawa, ambao mahusiano yao hayana arusi wala mashahidi, kuacha kondomu mara nyingi huwa ndiyo alama pekee ya kuaminiana. Akiitaka kondomu baada ya miezi, huulizwa: huniamini? Makadirio ya mwaka 2009 kutoka miji mitano ya Marekani yalionyesha kwamba maambukizo 68 katika kila 100 kati ya wanaume hao yalitoka kwa mwenza wa kudumu, si kwa mpita njia. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mapenzi ya Dodoma yana kinga ya pekee dhidi ya jambo hilo. Fundisho linalofaa ni kuitenga imani na kipimo: wapimwe pamoja, warudie kupimwa, nao waaminiane juu ya kile walichokijua, wala si juu ya kile wasichokijua.

Mwenza katika chumba cha ushauri

Neno linaloweza kulifungua fundisho hilo limekwisha kuwamo katika vituo vya afya. Ni mwenza. Asili yake ni ya ndoa ya wake wengi: mke mwenza, au mkewenza, ni mke mwenziwe mke. Huduma za VVU zimelipanua likawa na maana ya mtu yeyote ambaye mtu ana mahusiano naye. Ni neno lisilo na jinsi, lisilo na tusi, na lisilouliza cheti cha ndoa. Mhudumu aulizaye "Mwenza wako amepimwa?" amemwachia kijana nafasi ya kujibu kweli. Aulizaye "Umeoa?" au "Msichana wako amepimwa?" amekwisha kumjibia.

Faida hii ya Kiswahili huonekana zaidi mtu akienda kaskazini. Kisandawe si lugha ya Kibantu. Nacho hutenga wa kiume na wa kike katika viwakilishi. Kiburunge, kilicho katika jamii ya Kikushi, nacho kina jinsi za kisarufi. Mwenye kueleza habari za mwenza wake katika lugha hizo hulazimika kusema katika neno la kwanza kama ni mume au mke. Akigeukia Kiswahili, aweza kueleza maradhi yake, hofu yake na siku ya hatari, pasipo kufichua lile asilotaka kufichua. Katika wilaya ya Chemba, basi, Kiswahili chaweza kuwa stara.

Stara hiyo si jambo dogo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu huadhibu tendo kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na chaweza kufika maisha. Msemo huo wa sheria umehamia katika vipeperushi vya afya, ambako haufai, kwa sababu hautaji tendo gani, wala hatari gani, wala kinga gani. Kwa upande wa pili, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yakataza unyanyapaa na ubaguzi, na yaamuru siri ya mgonjwa itunzwe. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na yakashusha hadi miaka 15 umri wa kupimwa bila idhini ya mzazi. Kijana hukaa kati ya sheria hizi mbili, moja ikimtisha na moja ikimwita.

Matukio ya tangu mwaka 2016 yameongeza uzito wa maneno. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi, ambavyo huzuia kondomu isipasuke. Februari 2017 vituo 40 vya huduma kwa makundi maalumu vilifungwa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipolegeza amri hiyo ilibana fedha zake za dawa kinga kwa wajawazito na wanyonyeshao peke yao. Pale waelimishaji rika wanapokosa mishahara na vituo vya pekee vinapokosekana, kijana hubakiwa na hospitali ya kawaida, muuguzi wa kawaida, na karatasi ya maswali iliyo mezani.

Yafaa basi karatasi hiyo iandikwe upya. Iulize mwenza, isiulize mke. Iulize matendo, isiulize majina: je, ulipokea, ulitoa, au yote mawili, kwa njia gani, na je, mlikingana? Itenge kinga ya kabla na kinga ya baada. Itumie kufubaza pamoja na kutoonekana. Iache kinyume cha maumbile katika vitabu vya mahakama. Tume ya Kudhibiti UKIMWI ina makao yake Dodoma. Chuo Kikuu kiko hapo hapo, na wanaisimu wake wako umbali wa safari ya daladala kutoka hospitali ya mkoa. Kazi ya kuyapima maneno haya mbele ya wanaoyatumia, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, ni ya siku chache na ya gharama ndogo.